Bukavu: Kuchoma wezi hakujaturudishia usingizi

Wakaaji wa Bukavu, na nyinyi ndugu zetu mliokimbia vita mkapokelewa katika kartie zetu, kuna jambo ambalo tunaliongea kwa sauti ya chini kwenye bomba la maji, halafu tunanyamaza mtu tusiyemjua akipita. Ni hii desturi ya kumpiga mtu mawe na kumchoma moto kwa sababu kuna aliyesema "Mwizi!". Wanaiita justice populaire, haki ya raia. Jina linapendeza kuliko tendo lenyewe. Mimi ninaipinga. Lakini nitaanza na uchungu wa wale wanaoifanya, maana ukimkataza mtu bila kusikia uchungu wake hatakusikiliza.

Wote tunakumbuka Februari 2025. Tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu uliingia mikononi mwa M23, na tarehe 16 wapiganaji wao walikuwa katikati ya mji. Kati ya siku hizo mbili Bukavu haikuwa na mwenyewe. Askari wa serikali walikuwa wameondoka, wafungwa wa gereza kuu walikuwa wametoka, na maduka na depo zilivunjwa mchana kweupe. Depo za PAM peke yake zilipoteza karibu tani 7000 za chakula kilichowekwa kwa ajili ya watu wenye njaa. Tuseme kweli, chakula kile hakikubebwa na majambazi peke yao. Tuliona watu wa heshima wakipanda mlima na mfuko wa unga begani, na wengine wetu tuliwasaidia kuutua.

Unga uliisha. Bunduki hazikuisha. Katika kambi zilizoachwa, hata watoto waliokota silaha na nguo za kijeshi wakatembea nazo barabarani kama mchezo. Baadhi ya watoto hao walikufa siku zile zile. Silaha nyingine zilizikwa kwenye viwanja, zikauzwa, zikakodishwa. Kijana ambaye mwaka 2024 alikuwa anakata mfuko wa mama sokoni Kadutu leo anaweza kuja kwako usiku na bunduki, pamoja na wenzake watano.

Na kwa nini wanakuja nyumbani? Hapa watu wengi hawafikirii vya kutosha. Tangu mji ubadilishe mikono, benki za biashara zimefunga milango. Mwalimu, mfanyabiashara, mama wa chama cha akiba, kila mmoja anaficha feza yake chini ya godoro, ndani ya debe la unga, au anaiacha kwenye simu. Wezi wanajua. Zamani jambazi mkubwa alimngoja mbadilishaji wa feza jioni akifunga meza yake, na wengi wa watu hao waliuawa hapa mjini miaka mingi kabla ya vita hii. Sasa kila nyumba imekuwa meza ya kubadilisha feza. Kisha ongeza giza. Tunalala kando ya mto Ruzizi wenye mitambo miwili ya umeme, lakini kartie nyingi zinapitisha usiku na mshumaa au na taa ya simu. Ongeza tena nyumba zetu za mbao, zilizobanana kwenye miteremko ya Kadutu na Panzi hata unasikia jirani akigeuka kitandani. Ubao mmoja ukitolewa, mtu yuko ndani.

Basi mtu aliyeibiwa mara mbili, akapigwa mbele ya watoto wake, akamshika mwizi mara ya tatu, ampeleke wapi? Hilo ndilo swali ninalojibiwa kila nikisema kwamba kuua si dawa. Ni swali la haki kabisa. Polisi tuliowazoea hawapo. Mahakimu wa serikali waliacha ofisi zao Februari ile, na kwa miezi tribunali zilibaki milango iliyofungwa. Wanaosimamia mji sasa wana kasho zao, lakini raia wengi wanaogopa kumpeleka mtu kule kama wanavyoogopa kumwachia. Tena tusidanganyane kwamba yote yalianza mwaka 2025. Hata wakati wa polisi wa serikali, malalamiko yalikuwa yale yale: unampeleka mwizi Jumatatu, Jumatano unakutana naye kwenye avenyu, anakusalimia kwa jina. Hasira hii ina umri mkubwa kuliko vita ya sasa.

Nimeisikia hasira hiyo, na bado ninasema kuchoma hakutusaidii. Tuangalie kwanza matokeo, hata kabla ya kufika kwenye dhambi. Mwizi akichomwa saa nne usiku, asubuhi tunajua nini? Hatujui nani alimpa bunduki. Hatujui wenzake watano wamelala wapi. Hatujui nani alimwambia kwamba katika nyumba ile kuna dola za chama cha akiba, na mara nyingi huyo aliyesema ni mtu wa karibu sana na nyumba, pengine naye yuko pale anatupa jiwe kwa nguvu kuliko wote. Maiti haitaji majina. Wenzake wanaobaki wanajifunza kitu kimoja tu: wakishikwa watakufa, kwa hiyo afadhali wapige risasi mapema na wasiache shahidi. Katika kartie ambako wameshachomwa wawili au watatu, ninawauliza wakaaji kama wanalala vizuri zaidi. Wananiambia wanalala na panga kando ya kitanda. Huo si usingizi.

Halafu kuna biashara ambayo hatuigusi. Simu iliyoibiwa Cimpunda inaenda wapi? Paneli ya jua iliyong'olewa juu ya bati Bagira inaenda wapi? Televisheni haitafuniwi na mwizi. Inauzwa, na anayenunua ni sisi. Unakuta kijana anauza simu ya dola mia kwa dola ishirini, bila kartoni wala chaja, usiku, nyuma ya kioski, na baba mzima mwenye watoto anatoa dola ishirini huku anacheka kwamba amepata bahati. Kesho yake akisikia "Mwizi!" anakimbia na jiwe. Ningependa siku moja umati umuulize mwenye kioski maswali mawili matatu. Bila mawe, maswali tu.

Sheria yetu wenyewe inasemaje? Kitabu cha sheria ya makosa ya jinai ya Kongo, kifungu cha 80, kinampa mwizi asiyetumia nguvu wala vitisho kifungo cha kuanzia mwezi mmoja hadi miaka mitano. Anayeiba kwa silaha ana kifungu chake, 81 bis, na pale adhabu inafika hadi kifo, lakini baada ya tribunali kumsikiliza. Yaani hata serikali ambayo mwaka 2024 ilisema itarudia kutekeleza hukumu ya kifo haikuthubutu kusema mwizi wa simu auawe. Umati wetu ndio unaosema. Na Katiba ya 2006, kifungu cha 61, imetaja haki ambazo haziondolewi hata nchi ikiwa katika hali ya dharura: ya kwanza katika orodha ile ni haki ya kuishi. Anayechoma leo akifikiri moto wa watu wengi hauna mwenyewe ajue kwamba kosa la kuua halifutiki kwa sababu ofisi imefungwa. Ofisi zitafunguliwa. Simu zilipiga picha.

Na neno lenyewe, "Mwizi!", linasemwa na nani? Linasemwa na aliyeibiwa, ndiyo. Linasemwa pia na mwenye deni asiyetaka kulipa, na mume mwenye wivu, na jirani mnayegombania mpaka wa kiwanja. Mkoa wetu umeshaona mahali njia hii inapofika. Mwaka 2021, katika Kalehe, Kabare na Mwenga, wanawake waliosingiziwa uchawi walichomwa au kupigwa mpaka kufa, wengi wao wazee. Hakuna aliyekuwa ameiba hata kuku. Umati ukishazoea kwamba sauti moja inatosha kumhukumu mtu, hauchagui tena kosa.

Sasa ninafika kwenu, ndugu mliokimbia vita, kwa sababu katika jambo hili nyinyi mna hatari mbili. Mnaibiwa kama sisi, na mnashukiwa kuliko sisi.

Bukavu haina kambi kubwa za wakimbizi kama zile zilizokuwa kandokando ya Goma. Watu waliokuja kutoka Minova, Nyabibwe, Kalehe, Katana, na wale wa Kabare na Walungu ambako risasi bado zinasikika, wengi wamelala kwa jamaa, kwa rafiki, kwa mtu wa kanisa, au katika chumba cha kupanga pamoja na familia nyingine mbili. Ni jambo la kuipongeza Bukavu. Mji ambao wenyewe hauna kitu ulifungua mlango. Lakini mtu aliyepokelewa nyumbani hajapokelewa bado na avenyu. Mwenye nyumba anamjua, jirani wa tatu hamjui.

Chukua kijana wa miaka kumi na tisa aliyefika kutoka upande wa Kalehe. Anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta mizigo ya kubeba ziwani, kwa sababu akichelewa wenzake wameshachukua. Hajui njia za mkato za Nyamugo, ngazi zile zinazoingia katikati ya nyumba kama mtu anaingia jikoni kwa watu. Anapotea. Anasimama mbele ya mlango akitazama huku na huku. Mama mmoja aliyeibiwa juzi anafungua dirisha, anaona mtu asiyemjua, anapiga kelele. Wanatoka vijana. "Unatoka wapi? Unalala kwa nani? Avenyu gani?" Kijana anajua tu kwamba analala kwa Mama fulani, jina la mtoto wake wa kwanza. Jina la baba wa nyumba hajawahi kuliuliza. Avenyu haijui. Mashi yake si ya hapa, Kiswahili chake kina Kihavu ndani. Kitambulisho alikiacha pamoja na nyumba. Kila jibu analotoa linazidisha ubaya. Ana dakika ngapi za kuishi? Inategemea kama kati ya wale vijana kuna mmoja anayeweza kusema: "Ngojeni kwanza."

Ninataka avenyu zetu ziwe na watu wengi wa kusema "ngojeni kwanza". Watu hao hawaanguki kutoka mbinguni, wanatayarishwa.

Kwa mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi: chukueni daftari. Familia ikiingia leo, iandikwe leo, na bila franga hata moja. Ninarudia hilo la franga kwa sababu ninajua mwadhani ni nani. Mtu aliyekimbia bila viatu akiombwa franga elfu mbili ili jina lake liandikwe, hatakuja kuandikwa, na nyinyi mtakuwa mmebaki na wageni msiowajua katikati yenu. Daftari hilo lisipite mikono mingi pia. Katika nyakati hizi orodha ya majina inaweza kumletea mtu mabaya, na kuna familia zilizokimbia kwa sababu walitajwa kwenye orodha. Jina la mkubwa wa familia, idadi ya watu, nyumba wanapolala, basi. Kabila na kijiji kisiandikwe.

Kwa wenye nyumba waliowapokea watu: msiishie kufungua mlango. Mchukue mgeni wako jioni moja, pita naye kwenye nyumba kumi, sema "huyu ni mdogo wangu, analala kwangu". Ni kazi ya nusu saa. Wakubwa wetu walifanya hivyo bila kuambiwa na mtu, mgeni alikuwa haketi siku tatu bila kupelekwa kusalimia. Tumeacha kwa sababu mji umejaa na kila mtu ana haraka.

Kwa vijana wa zamu ya usiku, kwanza asante. Mnasimama kwenye baridi ya Bukavu wakati sisi tuko ndani. Lakini kuna avenyu ambako zamu imeanza kuwa kizuizi. Mpita njia wa saa mbili usiku anaombwa "ya kahawa", na deplase ndiye anaombwa zaidi kwa sababu hana wa kumtetea. Mkiendelea hivyo watu watawaogopa sawasawa na wale mnaotulinda nao. Tena wachukueni vijana waliokimbia vita katika zamu. Siku mbili za kusimama pamoja usiku zinamfanya mtu ajulikane kuliko daftari lolote, naye ataanza kuiona kartie kama yake.

Sufuria zinafanya kazi. Mnajua ninachosema: wezi wakiingia nyumba moja, jirani anagonga sufuria, wa pili anapokea, filimbi zinalia, na kwa dakika chache mlima mzima unapiga kelele. Mara nyingi majambazi wanakimbia kabla ya kumaliza kazi, kwa sababu mwizi anaogopa kuonekana kuliko anavyoogopa kupigwa. Hakuna aliyekufa, na feza imebaki. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo silaha bora tuliyo nayo sasa, na ni ya wamama zaidi kuliko ya wanaume. Tuikamilishe tu. Avenyu zikubaliane sauti moja ya mwizi na nyingine ya moto, kwa sababu huko Kadutu nyumba za mbao zinaungua kwa makumi, na watu wanapotoka na panga wakati walipaswa kutoka na ndoo za maji, tunapoteza yote. (Na anayewasha pine la gari juu ya mtu katikati ya mbao zile, je, upepo amemwomba ruhusa?)

Na mtu akishikwa? Aketishwe chini, afungwe mikono kama lazima, asipigwe. Aitwe shefu, aitwe padri au mchungaji wa karibu, waitwe wamama wawili. Aulizwe jina, wenzake, na mahali vitu vinapouzwa, na iandikwe kwenye karatasi mbele ya mashahidi. Akabidhiwe asubuhi, siyo usiku, kwa watu wanaoshika usalama, na karatasi ile ibaki nakala kwa shefu, ili mtu akipotea njiani ijulikane alitoka hai mikononi mwa raia. Mtaniambia kesho ataachiwa. Inawezekana. Lakini avenyu itakuwa na jina lake, uso wake, na jina la mnunuzi wake. Hiyo ni zaidi ya tulichopata kwa mioto yote tuliyowasha.

Kwenu mliokimbia vita nina machache ya vitendo. Fundisheni kila mtoto, hata wa miaka mitano, vitu vitatu: jina la mwenye nyumba, jina la avenyu, jina la shefu. Msitembee mmoja mmoja kabla ya jua kutoka, wiki za kwanza. Na wamama na mabinti mnaolala katika viwanja ambako choo kiko mbali: msitoke peke yenu usiku, amshaneni, hata kama mwenye nyumba atanung'unika kuhusu kelele za mlango. Ikitokea mtu ametendewa ubaya wa mwili, asioge na kungoja kupona. Aende hospitali ndani ya saa 72, maana kuna dawa za kuzuia ukimwi ambazo baada ya saa hizo hazina faida tena. Hospitali ya Panzi inawatibu waliotendewa hivyo bila malipo. Na kama saa 72 zimepita, aende vilevile.

Kwa wanaosimamia mji, ambao wanasema kila siku kwamba usalama umerudi: usalama ni pamoja na mahali ambapo raia anaweza kumpeleka mwizi na kupewa jibu. Silaha zilizotapakaa Februari zikusanywe kwa njia ambayo mama anaweza kusema "mwanangu ameficha bunduki" bila kuogopa kumzika mwanawe kesho. Mpaka sasa mama huyo ananyamaza, na mimi siwezi kumlaumu. Na kwa wale walio Kinshasa: raia wa Bukavu hawakuacha kuwa raia tarehe 16 Februari. Benki na tribunali siyo zawadi ya kumpa au kumnyima adui, ni sisi tunaobaki bila mlango wa kufunga.

Salongo ijayo, kabla ya kushika majembe na kufungua mifereji, kila shefu asome kwa sauti majina ya familia zilizoingia mwezi huu kwenye avenyu yake, na hao wenye majina wasimame waonekane. Haihitaji ruhusa ya ofisi yoyote. Shefu atakayefanya hivyo atuandikie, tutamsoma hewani.